Amana Niliyoimeza

Üsküdar, siku ya mvua

Dada yangu mpenzi Mualla,

Salamu zikufikie huko Ujerumani, wewe, shemeji na watoto. Magoti yanaendeleaje? Mimi mzima, nimenona kama kondoo wa Idi, na mkahawa wangu ndio bora mtaa mzima wa Üsküdar. Anayebisha hajanywa chai yangu.

Habari kubwa ni ya marehemu kaka yetu Rıfkı. Riwaya zake sasa zinagombaniwa! Wateja waliokuwa wakimwita Bwana Karatasi, wakimfukuza mezani wacheze dhumna, leo wanaapa walikuwa masahibu zake. Msomi mmoja aliniuliza kwa nini kaka alipenda kuandikia karibu na jiko langu. Nikamwambia kwake hakukuwa na kuni. Akaandika gazetini kwamba alipenda joto la wananchi. Mimi shule niliishia darasa la tano, lakini ujinga ukipita nautambua.

Jumapili walibandika kibao chenye jina lake ukutani mwa mkahawa wangu. Sururi naye akaja, yule mchapishaji. Unakumbuka Rıfkı alivyompelekea muswada umefungwa kwa uzi mwekundu wa mama? Ulirudi na maneno “hauna mvuto”, na fundo la mama halijaguswa! Sasa kazeeka, anatetemeka. Mbele za watu alinishika mkono akilia, akasema, Burhan ndugu yangu, mazishini sikuja, imamu alipowauliza watu kama wamemhalalishia marehemu, wamemsamehe yote, mimi sikuwepo. Niambie, yeye alinihalalishia kabla hajafa? Nikamjibu hapana, kaka amekufa na kinyongo nawe rohoni. Akatoka akishikilia ukuta.

Dada, hili nakwambia wewe tu. Rıfkı alimhalalishia. Pale hospitalini alinituma kwa kinywa chake: Sururi akija, mwambie nimemwachia yote, asihangaike; na wewe mnene, usinitie aibu kwa hasira zako. Akacheka mpaka akakohoa. Kuchukia hakujua, yule. Kazi hiyo kaniachia mimi.

Usinisihi nimwendee. Ulimi unakataa. Anwani yake nimeiandika nyuma ya bahasha. Ukitaka, mwandikie wewe. Ila usikawie, maana nasikia tangu siku ile hajainuka kitandani.

Nakubusu mikono, mkubwa wangu, na watoto nawabusu macho.

Mdogo wako,
Burhan