Ushuru wa Narung'ombe

Jumatatu, 7 Julai

Ankara kumi na moja kabla ya chai. Zote karanga. Bakari kaingiza kadi za wakulima kwenye programu yake mpya ya hesabu. Ukichagua jina la mkulima, kompyuta inasoma mahali palipoandikwa kwenye kadi yake na kupanga yenyewe ushuru wa mazao uende halmashauri gani, Nachingwea au Ruangwa. Anaisifia kana kwamba kaizaa yeye. Miaka sita nimeandika ushuru kwa mkono. Sasa kijana wa Dar kakalia meza yangu ya dirishani, mimi nimesogezwa mlangoni kwenye vumbi.

Simpendi. Naandika hapa kwa sababu kwingine siwezi kusema.

Jumatano, 9 Julai

Lori letu limezuiwa getini Ruangwa. Limepakia Narung'ombe, huko huko Ruangwa, lakini karatasi zinasema karanga ni za Kilimarondo na ushuru ni wa Nachingwea. Afisa kauliza mzigo wa Kilimarondo umepitaje huko. Swali la haki. Kilimarondo iko upande mwingine kabisa.

Mama Zuhura, mwenye ghala, kafoka mpaka wapagazi wakatoka nje. Kamwambia Bakari kama kosa ni la programu, Jumamosi afunge mizigo yake.

Nilifurahi. Nilikula ugali wote.

Alhamisi, 10 Julai

Dereva bado yuko getini. Bakari kapekua programu tangu asubuhi. Mchana kanijia na kadi saba.

"Dada Konso, samahani, hizi ulijaza wewe?"

Nikamwambia niliandika walichosema wenyewe. Akarudi dirishani. Hakubisha. Hilo ndilo lililoniudhi, bora angebisha.

Wakulima wamenidanganya. Kesho nawafuata.

Ijumaa, 11 Julai

Bodaboda hadi Narung'ombe, mgongo umekufa. Nilimkuta Mzee Likwata, mmoja wa wale saba, anapukuchua mahindi. Sikukaa hata mkekani. Nikamuuliza kwa nini alisema Kilimarondo.

"Kwetu Kilimarondo, mwanangu. Baba kazikwa kule. Shamba ndilo hili."

Nikataka kumgombeza. Kisha nikakumbuka. Siku ile ya mizani, nikimjazia kadi, nilimuuliza, "Mzee, mwenyeji wa wapi?" Ndivyo nilivyowauliza wote. Watu waliohamia huku kulima, ukiwauliza hivyo, watakutajia kwao, kwenye makaburi yao. Shamba, ambalo ndilo huamua ushuru uende wapi, sikuliuliza hata mara moja.

Kadi saba, mwandiko wangu. Programu ilisoma nilichoandika. Njia nzima nilijichukia, na Bakari nikamchukia zaidi kwa kuwa hana kosa. Ningenyamaza, kesho angeondoka na meza ingekuwa yangu.

Jumamosi, 12 Julai

Begi la Bakari lilikuwa mlangoni, karibu na kiti changu. Labda ningenyamaza kama lisingekuwa pale. Nilimwambia Mama Zuhura mbele yake. Kosa ni langu, nilisema, niliuliza vibaya.

Mama akaamua papo hapo. Bakari abaki, asahihishe ankara ziende Ruangwa leo leo. Mimi nirudi nje, mizani, nilikoanzia kazi.

Bakari hakunishukuru. Alilibeba begi, akalirudisha chini ya meza. Bado simpendi.

Jumanne, 15 Julai

Lori lilifika jana jioni. Ushuru umelipwa Ruangwa.

Jua kali mizanini. Nauliza kila mtu: shamba lako liko wapi, kijiji gani, kata gani. Wananiona msumbufu wa maswali. Bakari anapokea kadi dirishani, anasoma, anaingiza. Hatuongei.

Leo mama mmoja, magunia yake yakipimwa, kaniuliza kwa upole mimi mwenyeji wa wapi.

Nikamjibu Mueda, Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma. Nimezaliwa hapa hapa Nachingwea. Mueda sijawahi kuikanyaga.