Vitambaa Vipya Kwenye Makochi Yangu

Jangwani, Arizona

Mpendwa Baba Mwende,

Nakusalimu kwa jina la Bwana wetu, ingawa nakusalimu nikiwa nimekunja uso. Hujambo? Mgongo wako unaendeleaje? Bado unakuuma ukikaa sana kwenye kile kiti cha ofisini, au umepata wa kuukanda? Usinijibu hilo bado. Mwende hajambo? Paa limeacha kuvuja pale juu ya kabati? Mimi mwili wangu ni mzima, nakula na kulala vizuri. Ni moyo tu uliokuwa ukichemka, na leo nimeketi nikueleze mambo yote tangu mwanzo, kwa hivyo usiruke mistari kama kawaida yako ukiona barua imekuwa ndefu.

Tuko jangwani. Hawa wazee wangu, Mzee Harold na mkewe Bibi Edna ninayemhudumia, walipoona baridi ya kwao inamla Bibi viungo walifunga nyumba, wakanipakia kwenye gari, tukaja huku kwenye joto. Na usifikirie ni gari la kawaida. Hili ni kubwa kama basi, na ndani ni nyumba kamili: kitanda chao huko nyuma, jiko la gesi, choo, bafu, meza ya kulia, na kiti kirefu ambacho nikikikunjua ndicho kitanda changu. Nikiacha vyombo mezani na Mzee apige kona, naviokota sakafuni. Nje hakuna kitu, Baba Mwende. Kwetu Ukambani tunalia ukame, lakini angalau utaona mbuzi. Huku ni mawe na mchanga, na mimea mirefu ya miiba iliyosimama imeinua mikono kama waumini kanisani.

Sasa nikuambie tunachofanya huku, na usicheke. Tunatafuta makopo. Kuna chama cha wastaafu wenye magari kama haya, na kazi yao ni kufichiana makopo jangwani. Mmoja anafukia kopo chini ya mawe, anawatumia wenzake maelezo ya mahali lilipo, nao wanasafiri siku nzima kwenda kulitafuta. Ukilipata unaandika jina lako kwenye karatasi iliyomo, unachukua kitu kimoja na kuacha kingine. Wala si dhahabu. Ni kifungo cha koti, kalamu, mwanasesere wa plastiki. Watu wazima na mvi zao! Mzee ana kifaa kipya kinachofanana na redio ndogo, kinasikiliza setilaiti kisha kinamwambia yuko wapi duniani, naye hukibeba kama mtu aliyeshika yai. Lakini kifaa hicho kinakufikisha karibu tu. Kutoka hapo unabaki na macho yako.

Bibi Edna hawezi kutembea mbali. Yeye hukaa kivulini mwa gari na kutuelekeza kwa fimbo. Siku ya kwanza nilihangaika kuinua kila jiwe hadi mgongo ukakakamaa, akaniita. "Acha kutafuta kopo," akasema. "Tafuta kilichosogezwa. Hapa kila jiwe limechomwa na jua upande wa juu. Ukiona moja lina upande mweupe juu, ujue kuna mkono wa mtu." Nilirudi, nikatazama, na kweli nikaliona. Tangu hapo nimeipenda kazi hii kuliko ninavyopenda kukiri. Kitu ninachoacha ni kitambaa. Nafuma nikiwa nimekaa mbele Mzee anapoendesha, vitambaa vidogo vya duara, vyeupe, vyenye ule ukingo wangu wa nyota unaoujua.

Basi ikaja picha yako ya Krismasi. Niliipata posta ya mji mmoja mdogo, nikaifungua palepale mlangoni kwa furaha. Wewe katikati ya sebule yetu ya Mbotela, umevaa tai ya kijani, na Mwende pembeni yako. Nikakutazama, nikafurahi. Kisha macho yakashuka hadi kwenye makochi, furaha yote ikakatika.

Vile vitambaa si vyangu.

Vyangu ni vya nyota. Hivi vilikuwa na ukingo wa vigamba vidogo kama vya samaki, kila kimoja na kifundo chake kwenye ncha. Na wewe mwanamume utasema kitambaa ni kitambaa, lakini mwulize mwanamke yeyote wa kikundi chetu cha kufuma. Ukingo wa mtu tunaujua hata akiuficha. Huo ni wa Mama Ndinda, jirani yetu wa mlango wa tatu, mjane, mwenye kicheko kinachosikika hadi Jogoo Road. Na kitu kingine, Baba Mwende: kitambaa cha kochi hakifumwi kwa kukisia. Lazima mtu aingie ndani, ainame, apime mgongo wa kochi na mikono yake. Nikamwona. Ameinama sebuleni kwangu na uzi wa kupimia, wewe umekaa unakunywa chai, mnacheka.

Ee, nilikasirika! Nilifanya na hiyo picha kama ninavyofanya na mawe. Nikatafuta kilichosogezwa. Redio imehamia upande wa dirisha, nani aliihamisha? Pazia limepigwa pasi. Wewe na pasi mlipatana lini? Na shavu lako limenona. Mume ambaye mke wake yuko mbali anapaswa kukonda kidogo, kwa heshima tu. Siku nyingi nikapika kimya, nikamwogesha Bibi kimya. Hata wao niliwaonea wivu. Mzee anampakia mkewe siagi kwenye mkate hadi pembeni kabisa kwa sababu hapendi pembe kavu. Wanagombana juu ya ramani mpaka nashika mlango, halafu nikiwatazama tena naona wameshikana mikono. Nilikuwa nawaza, hawa wameishi pamoja hadi wamezeeka, na mimi mume wangu ananoneshwa na Mama Ndinda.

Wazo lililoniumiza kuliko yote ni hili: vitambaa vyangu viko kwenye makopo jangwani wanakopita nyoka, na vyake viko kwenye makochi yangu.

Siku moja tulitafuta kopo kwenye korongo lenye mawe mekundu. Mzee alichoka akarudi garini, nikalipata mimi peke yangu. Ndani kulikuwa na kioo kidogo cha mkobani. Nikakichukua. Nikatia mkono mfukoni nitoe kitambaa, nikatoa picha yako. Nikaitazama mara ya mwisho, nikaitia kwenye kopo, nikafunika, nikarudisha jiwe. Nikasema, haya, kaeni humo na vitambaa vyenu. Nilitembea kurudi garini nikijiona shujaa, na nilipofika nililia hadi Mzee akaenda kukagua matairi ambayo hayakuwa na shida yoyote.

Bibi Edna ndiye aliyenivutia kiti. Nilimweleza yote, vigamba na vifundo, pazia na shavu. Alisikiliza, halafu akauliza, "Na umemwuliza mtu yeyote?"

"Nimwulize nani? Nimeona kwa macho."

"Mimi nilikufundisha kuona kwamba jiwe limeguswa," akasema. "Sikukufundisha kujua aliyeligusa ana nia gani. Nenda ukapige simu."

Kwa hivyo ile simu ya Jumapili ambayo Mwende alikuambia, hivyo ndivyo ilivyotokea. Huku kulikuwa asubuhi, huko kwenu jua linashuka. Nilipiga dukani kwa Mzee Kariuki, nikamsikia akikuita kwa sauti kupita uwanjani, kisha akaniambia umeenda mazoezi ya kwaya. Mama Ndinda naye ni wa kwaya, unajua. Nilikaribia kukata. Mara nikasikia mtu anahema kwenye simu.

"Mami! Ni wewe? Sasa!"

"Sasa ndiyo salamu unayompa mama yako?"

"Pole, mami. Shikamoo. Haki si nimekumiss! Uko poa? Dadi ako kwaya. Uliona picha?"

"Niliiona."

"Na vitambaa je? Ziliweza? Ni mimi nilitengeneza, mami! Zote! Mama Ndinda alinishow tu kuanza na ule ukingo, zingine ni mimi. Nilitaka uone kwa picha tu, ushtuke. Nilimwambia dadi asikuandikie kitu."

Nilishtuka, ndiyo. Nilikaa chini ndani ya kibanda cha simu. Nikamwuliza kwa nini hakuningoja mimi nimfundishe.

"Ningekungoja hadi lini, mami?"

Hakusema kwa ubaya. Mtoto alikuwa anauliza tu. Akaniambia ya shule, ya viatu, halafu akashusha sauti ili Mzee Kariuki asisikie. "Mami, kuna kitu kingine. Mimi nilishaanza ile mambo ya wasichana. Tangu Novemba. Usijali, Mama Ndinda alinisaidia. Alinipea vitu na akanieleza poa. Ningeshow nani? Dadi?"

Baba Mwende, najua ulikuwa hujui. Usimwulize, na usianze kumkwepa kama umeona chui. Mtoto ataona aibu. Mnunulie tu sabuni yake mwenyewe, na akisema tumbo linamuuma usimpe hotuba.

Nilikata simu. Wivu niliokuwa nao juu yako uliniisha palepale, na mwingine mkubwa zaidi ukaingia mahali pake. Ule wa mume una maneno yake; unatukana, unanuna, unatia picha kwenye kopo. Huu mwingine sikujua niuseme vipi. Mama Ndinda hakuniibia kitu. Mwanangu alimwendea kwa miguu yake, akabisha mlango, naye akamfungulia. Alifanya kile ambacho ningemwomba afanye. Na bado ningetamani angekuwa hayupo nyumbani siku hiyo! Hivyo ndivyo ninavyohisi na sitakudanganya.

Hapo nikakumbuka picha. Nikamwambia Mzee lazima turudi kwenye lile korongo. Akalalamika petroli, akalalamika vumbi, akasema sheria ya chama ni kwamba ulichoacha umeacha. Bibi Edna akampiga goti kwa fimbo na kumwambia ageuze gari. Njia nzima nilikuwa naomba pasiwe na mtu aliyepita pale kabla yetu. Watu wale huchukua chochote, na picha ya familia kutoka Nairobi ingewafurahisha kweli.

Nilitembea peke yangu. Jiwe lilikuwa vilevile nilivyoliacha, vibaya, upande mweupe juu, kwa sababu siku ile hasira haikuniacha nilifiche vizuri. Na picha ilikuwemo. Niliketi mchangani, nikaitazama tena, na safari hii sikutazama makochi.

Mwende amekuwa mrefu, Baba Mwende. Amekufika begani. Lile gauni la bluu nililomtumia linambana kifuani, na amekunja mikono mbele ili asionekane. Amesuka nywele za kikubwa. Uso wake haukuelekea kamera kama wako. Ameinamisha macho kidogo upande wa kochi, anatazama kazi yake, anangoja nimsifu. Nilikuwa nimeishika picha hii siku nyingi, nimeipekua hadi kwenye pindo za pazia, na kumbe mtoto amesimama palepale ananionyesha kazi yake na mimi simwoni. Hakuna aliyesogea katika nyumba ile kama yeye, naye ndiye sikumwona.

Nimewaambia wazee kwamba joto la hapa likianza kuzidi na wakarudi kwao, mimi nitarudi kwangu. Bibi Edna alilia kidogo, kisha akaniuliza kama nyumbani kuna majangwa. Nikamwambia yapo kaskazini, aje. Mzee amenipa dira yake ya zamani, aliyotumia kabla ya kupata kile kifaa, nimpelekee Mwende. Wewe ulitaka nikae hadi Mwende amalize shule, na najua sababu zako, tumeziongea sana na zote ni za kweli. Lakini akimaliza shule nitarudi kwa mwanamke mzima nisiyemjua, atanikaribisha kwa adabu, aniwekee kikombe cha wageni. Sitaki. Afadhali tubanane na pesa kidogo.

Wasalimie wote. Mama yako, mwambie dawa ya miguu nimempatia na ninayo mkobani. Shemeji yangu mchongaji wa mtaa wa Baba Dogo, mwambie huku nimeona miti mikavu ambayo angeililia kwa tamaa. Mzee Kariuki mshukuru kwa simu, na mwalimu wa kwaya mwulize kwa nini mazoezi siku hizi ni marefu hivyo. Mwende mwambie vitambaa vyake nimevitazama vizuri, kifundo kwa kifundo, na kwamba kazi ile ni safi kuliko yangu ya umri wake. Mwambie hivyohivyo, usipunguze.

Na Mama Ndinda. Mpe shukrani zangu, na ni za kweli. Nitamletea zawadi nzuri kuliko yako. Nitamkumbatia mbele ya kikundi kizima na kumwita dada. Lakini siku nitakayotua, uwanja wa ndege mje wawili tu, wewe na Mwende. Akisema naye angependa kuja kunipokea, mwambie gari limejaa.

Mimi mkeo, na natumaini wa pekee,

Mama Mwende