Hewa ya Uani Petu

Dorcas, mwanangu,

Huku Kolwezi mvua zimekatika, vumbi limeanza tena. Asubuhi nimepita njia tuliyokuwa tukipita wawili wakati wa likizo, mimi nimebeba kipima-hewa, wewe umebeba karatasi zake za kuchujia. Ulipenda kuzitazama zikitoka. Zinaingia nyeupe, zinatoka na rangi ya kahawa iliyoungua. Siku moja, juu ya paa la parokia, ukaniuliza, "Mama, hii njo tunapumuaka?" Nikacheka. Nilikuwa nimezoea kupima hewa wanayopumua watu wengine.

Kikohozi chako kilipozidi, nesi alisema ni mafua. Mimi nikaomba kipima kimoja kazini, nikakiweka uani petu, kando ya kamba ya nguo. Kikapima lile vumbi dogo lisiloonekana kwa macho, na ile gesi ya kiwandani inayonuka kama kiberiti. Majibu yalikuwa mabaya kuliko ya barabara ya malori. Nilikaa nayo jikoni, nakusikia ukikohoa chumbani, kisha nikampigia simu kambo yako, mama yangu mzazi, kule Kasaji, mbali na viwanda, nikamwomba akupokee.

Siku ya kuondoka hukulia. Ulisema tu, "Mupepe ikikuwa bien, utakuya kunitwaa?" Nikaitika: ndiyo, hewa ikiwa nzuri nitakuja kukuchukua.

Jumapili iliyopita kambo alikupa simu, ukaniimbia wimbo wa kwaya. Mstari ule mrefu uliumaliza bila kukatika pumzi. Nilifurahi, mwanangu. Kisha nikasikia ukimrudishia simu: "Mama, shika." Yeye ndiye uliyemwita mama.

Mama Agnès, jirani yetu, alinisimamisha bombani. "We ulipeleka wako Kasaji. Betu sisi, tubapeleke wapi?" Watoto wake walikuwa wakicheza hapo hapo, mmoja akikohoa. Tangu siku ile tunasalimiana kwa mbali, naye haji tena kuomba makaa.

Juzi nimepima tena uani. Bado, Dorcas. Tena sijui itakuwa lini. Basi nitakuja mimi, likizo kubwa, tukae pamoja kidogo.

Kambo ananiambia nguo zako zingali ndani ya valizi, lile sanduku uliloondoka nalo. Unatoa moja, unaivaa, unaifua, unairudisha humo humo. Zitoe zote, mwanangu. Mwambie akupe nafasi kabatini.

Ni mimi,
mama yako.