Mahafali Yangu Uani kwa Baba

Endamarariek,
Wilaya ya Karatu.
22 Septemba 2020

Mpendwa Shangazi Cresensia,

Shikamoo, Shangazi yangu. Habari za Tunduru na joto lake? Lile goti la kushoto linakuacha ulale? Sisi huku ni wazima. Bibi anakohoa kidogo asubuhi, ni baridi tu ya kwetu, usishtuke. Kwa ugonjwa huu wa siku hizi mtu hawezi hata kukohoa kwa raha.

Uliponipigia simu wiki iliyopita nilishindwa kuongea kwa sababu nilikuwa nalia. Ndiyo maana leo naandika, nikueleze yote kwa utulivu.

Ni kweli, hatukufanya mahafali. Chuo kilifungwa Machi, tukaitwa Juni kumalizia. Mtihani tuliufanya tumekaa mbalimbali, barakoa usoni. Siku ya mwisho mkuu wa chuo akatuambia pale nje ya darasa kwamba mwaka huu hakuna sherehe, twende salama. Nikafunga begi, nikarudisha ufunguo wa bweni. Miaka mitatu ya uuguzi na ukunga, Shangazi, na sikupewa hata joho la kuazima nipige picha.

Nilipoteremka stendi ya Karatu, baba alikuwa ananisubiri. Amevaa kaunda suti ya kijivu! Kumbe aliishonesha tangu Februari kwa ajili ya siku yangu. Hakunipa mkono, aliuficha nyuma kama redio inavyoagiza.

"Nimeona niivae," akasema. "Nguo imeshonwa kwa ajili yako. Sasa niipeleke wapi?"

Nilicheka, halafu nikageukia begi nijifanye natafuta kitu.

Kuna jambo jingine. Nimepata nafasi kwenye zahanati ndogo upande wa Engaresero, kule chini karibu na Ziwa Natron. Hawana mkunga. Nilipomweleza baba alisema neno moja tu: "Mbali." Akatoka kwenda kuangalia ng'ombe. Unamjua kaka yako. Tangu mama afariki, ukanilea wewe hapa hapa nyumbani, hapendi mtu wake yeyote alale asipoweza kumsikia akikohoa. Bibi akanikonyeza nisimfuate.

Basi juzi Jumapili, tumetoka kanisani, baba akaniuliza, "Hivi kwenye mahafali huwa wanafanyaje?" Nikamweleza: unaitwa jina, unasimama, unapita mbele ya watu, mgeni rasmi anakukabidhi cheti. Akaniambia nivae sare yangu nyeupe nikasimame kule zizini.

Nilipotazama uani, viti vimepangwa mbalimbali. Jirani yetu Clemensi na mkewe wamekaa, barakoa za kitenge usoni. Bibi kawekwa katikati, ndiye mgeni rasmi. Na baba, Shangazi, baba ambaye hata kwenye mkutano wa kijiji hukaa nyuma kabisa asiulizwe kitu, akasimama mbele ya watu na suti yake.

"Selestina Lazaro," akaita kwa sauti. "Binti wa Paskalina."

Hapo akakwama. Sijawahi kumsikia akilitaja jina la mama. Kwetu huwa anasema "mama yako" tu. Tukangoja. Mke wa Clemensi akainamisha kichwa. Mwishowe baba akavuta pumzi, akamalizia: "Amehitimu uuguzi na ukunga." Bibi akapiga kigelegele mpaka kuku wakatawanyika.

Nikapita mbele yao kama vile niko mbele ya umati. Cheti chenyewe bado hakijatoka, kwa hiyo Bibi alinikabidhi blanketi jipya, zito. Akanishika mkono na kuung'ang'ania, corona au si corona.

"Bibi, Engaresero ni joto," nikamnong'oneza.

"Si lako," akajibu. "Aliyetoka kuzaa husikia baridi popote."

Baba alisikia.

Wageni walipoondoka tukawa tunaingiza viti, mimi na yeye. Akaketi kwenye kimoja. "Mama yako alipozidiwa," akasema, "hakukuwa na mkunga wa karibu. Wa karibu zaidi alikuwa Karatu mjini, na barabara ilikuwa tope. Nilisimama mlangoni tu, sina la kufanya." Akakung'uta vumbi kwenye suti yake. Nilidhani amemaliza. "Na huko Engaresero kuna wanaume wanaosimama mlangoni. Nenda, mwanangu. Ukawe wa karibu."

Naondoka Jumatatu. Naogopa kidogo, Shangazi, lakini naenda.

Wasalimie Patrisi na Doreen, waambie dada yao anawakumbuka. Bibi anakusalimu, anataka kujua kama huko mnapata maharage mazuri. Mungu alilinde paa lako na wote walalao chini yake, atuvushe kipindi hiki tuonane tukiwa wazima.

Nilimwuliza baba nikuandikie nini kutoka kwake. Alifikiri sana, kisha akasema, "Mwambie mtoto wake amemaliza."

Ni mimi uliyenilea, nikupendaye,
Selestina