Mama Hajafa

Dada yangu Noreen,

Salamu nyingi kutoka Dubbo. Hujambo huko Perth, na goti linaendeleaje? Sisi wazima. Mama pia ni mzima, na naanza na hilo kwa sababu huenda umeshaletewa habari nyingine.

Jumapili televisheni ilionyesha kipindi cha wanawake walioanzisha ile nyumba wanayokimbilia wake wanaopigwa. Unajua ilikuwa nyumba ya Mama kabla Jocelyn na wazungu wenzake hawajafika na mabango yao. Kwenye picha wamesimama getini, Jocelyn anacheka, na uso wa Mama umefutwa. Sauti yake haimo kabisa. Kwetu sisi wenyeji wa asili wa Australia, unajua, uso unaofichwa ni wa marehemu. Kesho yake binamu Raymond akaja kutoka Bourke na shati jeusi, analia tangu barabarani. Mama akamfungulia mlango, akamuuliza nani kafa, akamwambia kwanza afute viatu.

Nikampigia Philippa, mtayarishaji wa kipindi. Akasema wahariri wake Sydney walidhani Mama ni marehemu, wakaheshimu mila zetu. Heshima gani hiyo isiyopiga hata simu kuuliza? Philippa mwenyewe alikunywa chai jikoni kwetu, akamrekodi Mama asubuhi nzima. Siamini hata chembe.

Nadhani waliyaogopa maneno yake. Kwenye kipindi Jocelyn anasema walipigania polisi wafike haraka. Mama alimwambia Philippa kuwa yeye na wanawake wa kwetu waliomba polisi wasifike, maana wakija kwa mke aliyepigwa wanaondoka na watoto wake, wasirudishwe tena. Ndivyo alivyochukuliwa Colin, mtoto wa mama mdogo, marehemu ambaye kwa mila jina lake silitaji. Philippa alijibu kwamba hayo yangewachanganya watazamaji.

Sasa nikwambie siri. Jumamosi ni maadhimisho ya nyumba, yatarushwa moja kwa moja. Wamemwomba Mama awakaribishe wageni kwenye ardhi yetu, kama kawaida yao, maneno mawili matatu matamu kisha akakae. Alikubali upesi mno, hata yeye nikamshuku. Jana nikamsikia bafuni akijizoeza. Karibu yenyewe ni sentensi moja tu. Halafu anamwita Colin, jina na ukoo, popote alipo, anamwambia mama yake hakumtupa, alishikiliwa na polisi wawili huku akimlilia.

Nisalimie shemeji na watoto. Jumamosi asizime mtu televisheni.

Ni mimi mdogo wako,
Lorelle