Nibu Nene ya Mama Mkubwa na Mkono Wangu wa Kushoto

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, na kabla sijauomba naomba usinicheke, maana jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata rafiki yangu wa dawati moja ambaye anajua mpaka jina la mvulana ninayemkwepa kwenye ngazi. Kila siku kengele ya mwisho ikishalia na wenzangu wakishatoka, mimi hubaki nyuma nikijifanya natafuta kifutio, kisha najipaka wino mkononi makusudi. Napaka kidogo tu, ubavuni mwa kiganja, chini ya kidole cha mwisho, nausugua usambae kama vile umetokea wenyewe, ndipo naenda nyumbani.

Sasa nieleze, maana nilivyoanza utadhani nimerukwa na akili.

Mimi nimelelewa na mama mkubwa, dada yake mama, tangu sijajua kusema mama ni nani. Alikuwa anafanya kazi zahanati, kwenye dirisha la dawa, na kazi yake ilikuwa kuandika juu ya vibahasha vya vidonge: asubuhi kimoja, jioni kimoja, baada ya kula. Aliandika kwa kalamu ya wino yenye nibu nene, ile ncha ya chuma inayotoa wino, herufi zimenona kama watoto wa kliniki, kwa sababu alisema mgonjwa ana maumivu ya kumtosha, asiongezewe na kukodoa macho. Alipostaafu, vidole vikiwa vimeanza kukakamaa, aliniita mbele ya majirani, akanipa kalamu ile imefungwa kwenye kitambaa cha miwani, akasema, "Kalamu hii imeandika maumivu ya watu, imechoka. Nenda nayo ikaandike majibu. Na siku ya mtihani utaingia nayo, na mimi nitakuwa nimeingia."

Majirani walipiga vigelegele, mimi nikalia, na nililia kwa furaha ya kweli, mshauri, usije ukadhani sina shukrani. Kila nilicho nacho kimepita mkononi mwake. Hata huu mkono wangu wa kushoto ni yeye aliyeupigania, maana nilipoanza shule mwalimu mmoja alikuwa akinifunga utepe kwenye kidole ili nikumbuke kuandika kwa kulia, na mama mkubwa alipouona ule utepe hakuuliza mara mbili, alikuja shuleni amevaa koti lake jeupe la kazini, akasimama mlangoni pa darasa, akasema, "Mwalimu, shikamoo ni yangu kukupa, lakini mkono ni wake, si wa shule." Utepe haukuonekana tena.

Tatizo ndilo hilo sasa. Mkono ule ule alioupigania hauelewani na nibu ile aliyonipa. Anayeandika kwa kulia mkono wake unatangulia wino, wangu unaufuata, kwa hiyo kila ninachoandika nakipangusa mwenyewe kabla hakijakauka. Nibu nene inamwaga wino kama bomba la uani, na karatasi za madaftari yetu ni nyepesi, ukiandika upande huu unasomeka upande wa pili. Shuleni tunasoma kwa lugha mbili, na kwa ile nyingine angalau maneno ni mafupi mafupi, najikongoja, lakini kwa Kiswahili neno moja linabeba sentensi nzima mgongoni, "nisingalimwambia" peke yake linamaliza nusu mstari, na matundu ya herufi yote yamezibika, a haitofautiani na o. Mwalimu wa historia alininyanyulia insha yangu darasani akauliza, "Binti, hii ni insha au ramani ya mafuriko?" Darasa zima likaangua kicheko. Nilitamani sakafu ipasuke.

Basi nikabadilishana na rafiki yangu, nikampa rangi zangu za kuchorea, akanipa kikalamu chake kidogo cha wino chenye nibu nyembamba. Mshauri, ni kama mtu aliyekuwa anavaa viatu vya kaka yake akapewa vya kwake. Wino unakauka mara moja, matundu ya herufi yako wazi, na mkono unarudi msafi.

Mkono msafi ndio ulioniponza. Zamani nikirudi na wino kiganjani mama mkubwa alikuwa akinishika mkono pale getini anawaonyesha wapita njia, "Tazameni mkono wa mwanafunzi! Huu haukulala leo!" Siku niliyorudi msafi aliugeuza huku na huku, akasema, "Leo hamkuandika?" na sauti yake ikashuka kidogo, kidogo tu, lakini niliisikia. Kesho yake nikajipaka. Na kesho kutwa.

Nimekwenda hadi duka la vifaa vya kuandikia, kwa mzee mmoja tunayemwita Babu Wino, naye akanijaribisha nibu tatu, nyembamba, ya wastani na nene, akaniambia kalamu ya mama mkubwa inaweza kutolewa nibu ikawekwa nyingine, ni kazi ya dakika chache kwa anayejua. Lakini akaitazama ile kalamu, akanitazama mimi, akasema, "Hii naijua. Mwenyewe alikuwa akiniletea niisafishe. Nenda uje naye, sitoi jino la mtu bila mwenye mdomo kuwepo." Mimi ambaye hata kuomba ruhusa ya kwenda msalani naona aibu, nitaanzaje kumwambia mama mkubwa kwamba zawadi yake naomba ing'olewe?

Mitihani inaanza baada ya wiki mbili. Nikiingia na nibu nene, msahihishaji hataweza kunisoma. Nikiingia na ile nyembamba kwa siri, nitakuwa nimemdanganya siku ile ile aliyosema ataingia pamoja nami. Nikichukua ya wastani nadhani nitawaudhi wote wawili, yeye na mkono wangu. Nisaidie nichague ipi ya kuandikia kila siku, lakini zaidi niambie, je, mtu anaweza kushukuru kwa moyo wote na bado akataka kubadilisha?

Barua hii naiandika kwa ile nyembamba, mezani jikoni, jua la mchana likiwa kwenye karatasi. Nasikia kandambili za mama mkubwa zinatoka uani. Siku zote ningekuwa nimeshaifunika kwa kitabu cha jiografia. Ameufikia mlango. Siifuniki

*(Kuanzia hapa barua imeendelea kwa mwandiko mwingine, mnene. – Mshauri)*

Mshauri, mimi ndiye huyo mama mkubwa, na kalamu hii ni ile ile nene, nimeitoa kwenye mkoba wake. Nimesoma yote nimesimama, sasa nimekaa. Yeye yuko hapa mbele yangu anatazama sukari.

Nilijua kuna jambo. Wiki iliyopita alirudi na wino kwenye mkono wa KULIA. Alikuwa ameshika kalamu kwa kushoto kama kawaida yake, kwa hiyo huo mwingine ndio akaupaka, kumbe! Mimi sikufikiria hayo. Mtoto wangu hajawahi kuandika kwa kulia. Nikajua wamemrudia, wanamlazimisha tena, na yeye kwa aibu zake hasemi. Sikulala vizuri. Koti langu jeupe nimelifua, nimelipiga pasi, liko nyuma ya mlango, Jumatatu nilikuwa naenda kuwasha moto shuleni kwa watu wasio na kosa.

Nimempa kalamu aandikie. Sikumpa aitumikie. Ila ukimwuliza anataka ipi, atanitazama uso kwanza ndipo ajibu. Kwa hiyo mimi simchagulii. Mwambie wewe namna ya kuchagua. Bahasha naifunga mimi.

JIBU LA MSHAURI

Mwanangu Mkono wa Kushoto,

Nimecheka. Uliniomba nisicheke, lakini hapo kwenye mkono wa kulia nilishindwa, nisamehe. Kisha nilipofika kwenye koti lililopigwa pasi, nikaacha kucheka.

Nianze kukugombeza, tumalize. Ulitaka kumlinda mama yako asiumie kidogo, ukamwumiza sana. Kile kipaku cha wino ulikiona kitu kidogo, yeye akasoma humo kwamba mtoto wake anateswa. Mtu aliyeishi maisha yake yote akihakikisha maandishi yanasomeka, wewe umempa alama isiyosomeka. Tena mtu huyo huyo alikwenda kusimama mlangoni pa mwalimu kwa ajili ya mkono wako. Binti, aliyekutetea mkono atakukatalia nibu?

Na wewe mama, shikamoo. Una lako dogo. Mtoto mwenye aibu ukimwuliza "Leo hamkuandika?" anasikia "Umeniangusha." Sina la ziada, umeshajieleza mwenyewe vizuri kuliko ambavyo ningekueleza.

Sasa swali lako kubwa. Ndiyo, mtu anaweza kushukuru na kubadilisha. Mama yako alichagua nibu nene kwa sababu aliwafikiria wanaomsoma: macho mabovu, vibahasha, haraka ya dirishani. Wewe ukichagua nyembamba kwa sababu ya karatasi nyepesi na msahihishaji aliyechoka, umefuata mfano wake hatua kwa hatua. Ungeshikilia ile nene huku hakuna anayekusoma, hapo ndipo ungeutupa urithi wake.

Kuhusu ukubwa, mama yako ameniomba nikufundishe kuchagua, kwa hiyo jina la nibu hulipati kwangu. Nendeni dukani wote wawili. Usichukue karatasi nzuri ya Babu Wino, kila nibu ni malaika juu ya karatasi nzuri. Beba daftari lako la shule, hilo hilo jepesi. Usiandike jina lako, kila mtu huandika jina lake vizuri. Nakili ukurasa wa historia kwa mwendo wa mtihani, huku mwalimu wako wa mafuriko umemweka akilini, Kiswahili kwanza, lile neno lako refu lisikose, kisha hiyo lugha nyingine. Pitisha mkono wako juu ya mistari kama unavyopitisha siku zote, usiuinue kwa ajili ya wageni. Geuza ukurasa utazame mgongo wake. Halafu mpe mama asome bila kuiweka miwani sawa. Nibu ambayo katikati ya ukurasa utasahau kwamba umeishika, hiyo ndiyo ya kila siku. Ikiwa ni ya wastani, chukua ya wastani, ila uichukue kwa sababu mkono umeipenda. Ukiichukua kwa kutafuta suluhu kati ya watu wawili ambao hata hawagombani, utajuta.

Fanyeni hivyo kabla ya mwisho wa wiki hii, ili upate siku chache za kuizoea. Hakuna anayeingia kwenye mtihani na kiatu kipya.

Na ile nibu nene isifungiwe kwenye kopo. Mama, tangu utoe kalamu hujaandika, sivyo? Ukurasa wako umelala hapa juu ya meza yangu, na kijana anayeniletea chai ameusoma akiwa amesimama ng'ambo ya meza, bila kutaka na bila kuombwa. Mkono wa namna hiyo haujastaafu. Mwulize Babu Wino kama nibu hiyo inaingia kwenye kile kikalamu kidogo cha rafiki, na kama haiingii akutafutie kalamu inayoipokea. Mtoto aende na mwili wa kalamu, wewe ubaki na ulimi wake. Andika juu ya makopo ya jikoni, andika kumbukumbu za zahanati, andika chochote, lakini andika.

Lile koti lirudishe kabatini, ila usilikunje sana.

Na wewe, binti, kuanzia leo kengele ikilia, toka na wenzako. Siku ya mtihani wa kwanza rudi nyumbani na mkono ulivyo, ukiwa na wino uwe na wino, ukiwa msafi uwe msafi. Mama atakuwa getini. Mnyooshee wa kushoto, na umwache awaonyeshe wapita njia anachotaka.