Sabuni Tupu

Jumatatu, 3 Machi
Minyoo yote imekufa tena! Daktari kapiga makofi, maabara nzima ikageuka. Dawa yake ya minyoo ya kondoo eti kiboko. Mimi sikupiga. Dawa yenyewe haichanganyiki na maji, inaelea kama mafuta, ndiyo maana tunaitia sabuni ya maabara. Sasa kilichoua nini — dawa au sabuni? Nikauliza. Akasema nisianze ujuaji wangu.

Jumanne, 4 Machi
Nimejaribu bila ruhusa yake. Minyoo hai kutoka machinjioni, sahani mbili. Moja dawa na sabuni. Nyingine sabuni tupu, kipimo kilekile. Mchana natazama — zote mbili minyoo imekufa! Nikachukua minyoo mingine, nikapunguza sabuni mpaka isiweze kuidhuru, nikatia dawa. Inacheza tu. Haina habari.

Nimemwonyesha Daktari. Akasema: hiyo ya sabuni tupu iweke pembeni, binti, usituharibie. Usituharibie! Nimekasirika mpaka masikio yanawaka.

Jumatano, 5 Machi
Mjomba kapiga simu. Alikubali kondoo wake wajaribiwe kwa sababu yangu mimi. Wameshanyweshwa dawa na bado wanaharisha. Yule jike mkubwa kafa asubuhi. Hakunilaumu. Ameuliza tu kama labda yeye ndiye aliyekosea kuwanywesha. Yeye! Sabuni ikifika tumboni inazimuliwa, haiui kitu. Inabaki dawa peke yake, na dawa peke yake ni bure kabisa. Nikasema mtandao mbaya, nikakata. Najichukia.

Alhamisi, 6 Machi
Wageni wamefika, wale watakaoamua dawa iende kwa wafugaji wote au la. Daktari na tai yake. Asubuhi nilikuwa nimeandaa upya zile sahani mbili, nimeandika chini ya kila moja ina nini. Nataka kuwaonyesha zote. Kabla sijafungua mdomo Daktari kakwapua moja, hata hakusoma, kaiweka kwenye hadubini. Mgeni mkubwa akainama. Akatazama weee. Akasema dawa hii balaa, haijabakiza hata mmoja!

Ilikuwa ile ya sabuni tupu.

Pongezi, vicheko, kupeana mikono. Daktari akanigeukia anatabasamu: binti, hebu waeleze wageni humo umetia nini.

Nimeomba dakika moja. Naandika nimesimama stoo, mwandiko wenyewe sijui kama utasomeka. Anagonga mlango, anauliza kwa sauti tamu ya mbele za watu kama niko salama. Nimemwambia nakuja. Na kweli nakuja —